Njegere za Mendel Kwenye Mizani

Faharasa ya h, kipimo kilichopendekezwa mwaka 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch, humpa mwanasayansi alama 20 iwapo makala zake 20 zimenukuliwa, yaani zimetajwa katika maandishi ya watafiti wengine, angalau mara 20 kila moja. Kwa kuwa alama hiyo haiwezi kuzidi idadi ya makala, Gregor Mendel, mtawa wa Brno aliyepanda maelfu ya miche ya njegere, akahesabu mbegu za mviringo na zilizokunjamana hadi akaona uwiano wa takriban 3 kwa 1, kisha mwaka 1866 akachapisha makala ambayo kwa miaka 34 karibu hakuna aliyeijali, angekaa mlangoni pa kamati ya kupandisha vyeo akisubiri kuitwa, na asiitwe. (Kamati yenye huruma ingemnong'oneza azigawe njegere zake katika makala 7, maana sifa alizozichunguza zilikuwa 7.)

Oliver Lowry naye, ambaye mwaka 1951 alieleza pamoja na wenzake namna ya kupima kiasi cha protini kwa kemikali zinazoigeuza sampuli kuwa ya buluu, amenukuliwa zaidi ya mara 300,000, ingawa mwenyewe alikiri kwamba makala ile haikuwa kazi kubwa. Asiyejaliwa mbinu kama hiyo hubakiwa na njia ya kujinukuu, ambapo mtafiti hupiga ngoma, akaicheza, akajitunza, na vigelegele, visipochujwa, vikahesabiwa vyote.