Sifa za Nyonyo Angani

Marubani wa vita vya 1914 hadi 1918 wana medali zao, na ndege zao, Sopwith Camel na Fokker, zimewekwa makumbusho. Kilichosahaulika ni mafuta ya nyonyo, yaliyolainisha injini zao. Deni hilo nalilipa mimi, ambaye nimeyanywa kuliko rubani yeyote aliye hai.

Kwanza, adabu yake. Ndugu wawili wa Ufaransa, Louis na Laurent Seguin, walipoiunda Gnome, injini ya ndege iliyoanza kutikisa dunia mwaka 1909, waliamua kufanya kinyume: mhimili wa kranki ufungwe kwenye ndege usisogee, na silinda zote zizunguke pamoja na propela. Kwa kuzunguka, zingejipoza zenyewe. Petroli na hewa vilipita katika tundu la mhimili na kujaa ndani ya kasha la injini, palepale oili inapofanya kazi. Oili itokayo ardhini, ikikutana na petroli mahali kama hapo, huyeyuka na kuviacha vyuma vikisagana. Nyonyo haiyeyuki kirahisi. Iliishi na petroli kama wake wenza wenye heshima zao: nyumba moja, salamu zinapita, lakini kila mmoja na chungu chake.

Lakini adabu si kitu mbele ya ukarimu. Injini nyingine ni bahili. Oili huizungusha ileile, huirudisha chini, huipandisha tena, hadi iwe nyeusi kama lami. Nyonyo ilitumika mara moja tu. Pampu iliiingiza, mzunguko ukaisukuma hadi kwenye vichwa vya silinda, ikatoka na moshi, ikaenda zake. Lita baada ya lita, kila saa ya safari. Na ilipotoka haikumbagua mtu. Mafundi waliizungushia injini bati lenye umbo la kwato, wazi upande wa chini, ili zawadi hiyo ipite tumboni mwa ndege. Hata hivyo sehemu nono ilimfikia rubani. Ilipata kitambaa cha mabawa, ikapata miwani, ikapata masharubu, ikashuka na pumzi. Ile skafu ya hariri ambayo sinema huionyesha kama urembo ilikuwa pia dasta ya kufutia miwani. Na kwa kuwa nyonyo ni haluli tangu enzi za mababu, wala haiulizi kama imeingia kwa kijiko au kwa upepo, tumbo nalo halikusahauliwa. Mfikirie kijana wa miaka ishirini, mita elfu tatu juu ya Ufaransa, adui mgongoni, mikono yote miwili kazini, na tumbo linaanza kudai haki yake. Nani mwingine angemjali hivyo kwa wakati mmoja, yeye na mashine yake? Inasimuliwa kwamba wengine walijitibu kwa brandi, tiba ambayo haikupata mpinzani.

Sifa nyingine nazitaja mbiombio. Inanukia, wasemavyo wapenzi wa mashine za kale. Inakuza nywele, wasemavyo wauzaji wake. Haipendelei aliyezingirwa: meli za Waingereza zilipoifungia Ujerumani bahari, nyonyo ikaadimika huko, oili ya badala ikatumika, na injini za Fokker zikachemka na kukwama hewani. Ina pia msimamo. Mwaka 1918 serikali ya Marekani iliwapa wakulima wa Florida mikataba ya kupanda mbarika, mmea utoao nyonyo, kwa ajili ya ndege, ukungu ukaingia mashambani na kuharibu mazao. Mmea ambao kwetu huota jalalani bila kualikwa ulikataa kuota kwa mkataba. Hata pwani yetu iliuonja ukarimu huu. Februari 1915, ndege mbili za baharini za Sopwith zenye injini za Gnome zilifika kisiwa cha Nyororo, jirani na Mafia, kuisaka manowari Königsberg iliyojificha delta ya Rufiji. Joto lilizishinda.

Mimi nyonyo ilinifikia kwa foleni. Shule ya bweni, mwisho wa muhula, kijiko kimoja cha bati kwa bweni zima, na mwalimu wa zamu akituhubiria faida za tumbo safi. Namkumbuka vizuri sana mwalimu yule. Alikuwa na kitambi. Katika miaka yote ile hatukumwona akifungua kinywa chake mbele ya kijiko! Aliisifu nyonyo kuliko ninavyoisifu mimi, na hakuijua ladha yake.

Watu wa namna hiyo hawakosi ofisini, na London walikuwapo tele. Waangalizi waliopandishwa kwa maputo walipewa parachuti. Mhandisi Everard Calthrop alikuwa ameshaunda ya kwake, Guardian Angel, na marubani wa Ujerumani walianza kuruka na parachuti zao mwaka 1918. Rubani wa kivita wa Uingereza alimaliza vita bila ya kwake. Wakubwa walikuwa na hoja: chombo hakijakamilika, nafasi hakuna, tena kuna hofu kwamba kijana akiwa na njia ya kutokea ataiacha ndege mapema. Na uzito. Hoja ya uzito ilipendwa sana na watu waliokuwa wamekaa kwenye viti. Lita moja ya nyonyo ina uzito unaokaribia kilo moja, na tangi lake lilijazwa kila asubuhi bila kuitishiwa kikao.