Jinsi ya Kukata Bima ya Safari Isiyokulipa Hata Senti

Umealikwa mkutanoni Berlin, au mwanao anaoa Milano. Ubalozi unadai bima ya safari yenye kinga isiyopungua yuro 30,000, inayokubalika nchi zote za Schengen kwa siku zote utakazokaa. Wewe shida yako ni karatasi ya kuambatanisha na fomu ya viza. Umeanza vizuri sana.

Kwa wakala sema maneno mawili tu: "Ya rahisi." Akikuuliza kama una presha au sukari, kana. Vidonge vyako daktari wa huko atavikuta, ataviandika kwenye faili, na kampuni italisoma faili hilo neno kwa neno, jambo ambalo wewe hukuufanyia mkataba.

Mkataba ni wa kutia sahihi, kuusoma ni uchokozi. Hasa ruka orodha ya yasiyolipwa: ajali ya ulevi, pikipiki ya kukodi uliyoendesha bila leseni, maradhi uliyotoka nayo nyumbani, begi uliloliacha kitini ukaenda chooni.

Begi lisipotokea uwanja wa ndege, kimbilia teksi. Wanaobaki kuandikisha upotevu kwenye dawati la mizigo hupewa ripoti, na fidia huanzia kwenye ripoti hiyo. Ukiibiwa, polisi usiende. Risiti tupa. Ukiugua, ile namba ya dharura ya saa 24 usiipige. Lazwa kwanza, lipa mfukoni, ubishane na kampuni ukisharudi.

Sasa somo ambalo sisi tumelihitimu: usimwambie mtu bima umekata wapi. Bima ya Schengen inatakiwa kugharamia matibabu ya dharura, kukurudisha nyumbani ukiwa mgonjwa, na hata gharama za kifo. Ndugu wasipojua hilo, msiba ukitokea watafungua kundi la WhatsApp. Atapatikana mwenyekiti, atapatikana mweka hazina, shangazi ataahidi laki mbili, na siku ya tatu watagombana kuhusu nani hajatuma. Muda wote huo hati ya bima imelala ndani ya begi lako, ng'ambo, imelipiwa.

Wakaidi wasiotaka kuufuata mwongozo huu, kabla ya kupanda ndege, mtumieni mtu mmoja nyumbani picha ya hati hiyo. Namba ya mkataba na simu ya dharura zisomeke.