Haisomi Flashi

Siku hizi, ukisema unatafuta mashine ya CD, watu wanakutazama kana kwamba umeomba mafuta ya koroboi. Lakini nina CD tisini na tatu, nyingi za rumba, za Franco na Super Mazembe, na redio yetu ilikuwa imeanza kuziruka kama mtoto anayeruka maneno magumu kitabuni. Nikaapa: safari hii nanunua kitu cha maana.

Nikaenda barabara ya Luthuli, Nairobi. Kila duka limetoa spika mlangoni, kila spika ina wimbo wake, kwa hivyo kupima ubora wa sauti pale ni kama kuonja chumvi ukiwa umezama baharini. Hata hivyo niliinamisha kichwa, nikafumba macho, nikajifanya nasikia tofauti.

Kijana wa dukani alinihurumia. "Mzee, hii haina Bluetooth. Na haisomi flashi."

"Ndiyo maana naitaka."

Ilikuwa mtumba kutoka Japani, bonge la chuma la kilo 14. CD zenyewe zilianza kuuzwa huko Japani mwaka 1982, nikajiambia hawa ndio wenye kazi yao. Sikubishana sana kuhusu bei, na hilo ndilo kosa ambalo mke wangu, Mama Neema, hunikumbusha mpaka leo.

Kwenye matatu ya 23, makanga aliipapasa ile boksi akasema mzigo una kiti chake. Nikalipa nauli ya watu wawili. Jirani yangu akauliza kama ni dekoda. Mwingine akauliza kama inasoma flashi. Tulipofika Westlands, safu nzima ilikuwa inanionea huruma.

Nyumbani Kangemi niliita familia nikawaeleza. Kwenye CD, kila sekunde ya wimbo imekatwakatwa vipande 44,100, na mashine nzuri ni ile inayoviunga usione mshono. Mama Neema akauliza kama inaweza kuunga na sweta ya Neema ya shule.

Plagi ilikuwa na meno mawili bapa. Nikachomeka adapta, nikabonyeza. Taa ikawaka, kali kuliko taa zote za nyumba hii, mashine ikakohoa mara moja, kisha moshi ukapanda taratibu kuelekea darini.

"Baba Neema," mke wangu akasema, "hiyo ndiyo besi?"

Mgongoni mwa mashine, kwa herufi za kusomwa na sisimizi, paliandikwa 100V. Stima ya Kenya ni 240.

Fundi wetu, mtu mpole mwenye kibanda karibu na soko, aliifungua, akainusa, akatamka: transfoma. Nije kesho jioni. Kesho jioni ilichukua wiki tatu.

Aliponikabidhi, alikuwa akitabasamu kama mkunga. "Nimekuwekea bonasi, mzee." Kwenye uso wa ile mashine, uliokuwa laini kama sahani, alikuwa amekata tundu la mraba, na ndani yake kakibao kenye taa za buluu. Akawasha. Mwanamke asiyeonekana akatangaza kwa Kiingereza, kwa sauti ya kutikisa mabati, kwamba Bluetooth iko tayari.

Neema na mama yake tayari walikuwa wanacheza.

"Na CD?" nikauliza.

"CD ni lenzi, mzee. Lenzi lazima tuagize Japani."