Mwandishi Asiye na Mjane

Mwezi wa Machi 2025 Mahakama ya Rufani ya Washington, ilipoulizwa kama mashine ya akili bandia ya bwana Stephen Thaler yaweza kuitwa mtunzi wa picha iliyochorwa nayo, ilijibu kwa adabu kwamba sheria huipima haki ya mtunzi kwa umri wake na miaka 70 baada ya kufa kwake, kisha huwapa urithi mjane na watoto. Na mashine, maskini, haifi, haioi, wala haina wa kumwachia hata kalamu.

Miezi mitatu baadaye, huko San Francisco, Jaji William Alsup, katika daawa ya waandishi dhidi ya Anthropic, kampuni ya akili bandia, alinena kwamba kuisomesha mashine kwa vitabu vyao ni halali, na kwamba malalamiko yao hayatofautiani na kulalamikia watoto wa shule wanaofundishwa kuandika vizuri. Basi kiumbe huyu aandikapo ni chuma. Asomapo ni mwanafunzi hodari. Taabu ilikuwa maktaba yake, nakala zaidi ya milioni 7 zilizochotwa katika maghala ya wizi, ambazo jaji, alhamdulillahi, hakuzihalalisha. Na kampuni ikaridhia kulipa dola bilioni 1.5, yapata dola 3,000 kwa kila kitabu kilichostahiki, ada ya shule iliyolipwa mwanafunzi akiwa amekwisha kuhitimu na kupata kazi.