Ngeli za Nyumba na Upatanisho Wake na Jua

1. Utangulizi

Wanasarufi walikwisha kuzigawa nomino za Kiswahili katika ngeli, na kila nomino ikajua kiambishi chake. Nyumba hazikubahatika. Hadi leo zinaainishwa kwa bei, kwa idadi ya vyumba na kwa ukali wa mbwa wa getini, vigezo visivyomwambia mpangaji jambo la msingi: je, usiku atalala, au atapepea gazeti mpaka alfajiri?

Makala haya yanakusudia kuziba pengo hilo. Eneo la utafiti ni Dar es Salaam, nyuzi 6 na dakika 48 kusini mwa ikweta. Mbinu iliyotumika ni kukaa kwenye baraza za watu na kuangalia kiti kinahamia wapi. Kiti cha plastiki kisichopangiwa mahali hufuata kivuli kwa uaminifu mkubwa, wala hakihitaji betri.

Hoja yetu ni moja. Nyumba hupata au hukosa ubaridi siku ile kamba inapofungwa kwenye vigingi, kabla ya tofali la kwanza. Yanayokuja baadaye, kuanzia feni na kiyoyozi hadi paneli za sola na rangi ya kijani ukutani, yote ni rufaa.

2. Misingi ya nadharia

Jua la Dar halina siri. Mwanzoni mwa Machi, na tena Oktoba, hupita utosini. Mwezi Juni, mchana, huelemea kaskazini, nyuzi 60 hivi juu ya upeo wa macho. Desemba huelemea kusini, nyuzi 73. Kwa kuwa saa hizo liko juu, kuta za kaskazini na kusini zinakingwa na upenu tu. Upenu wa sentimita 60 hutupa kivuli cha mita moja ukutani Juni, upande wa kaskazini, na cha mita mbili Desemba, upande wa kusini.

Balaa liko mashariki na magharibi. Saa kumi na nusu alasiri, mwezi Machi, jua limeshuka hadi nyuzi kama 30 na linaingia ndani bila hodi. Upenu uleule sasa unatoa kivuli cha sentimita 35, ambacho hakijafika hata kwenye dirisha.

Upepo nao una ratiba yake. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki tangu Desemba hadi Machi. Katikati ya mwaka ni zamu ya kusi, kutoka kusini. Maana yake, pande mbili ambazo ni rahisi kuzikinga jua ndizo hizohizo zinazoleta upepo. Mwanafunzi aliyepewa mtihani mwepesi namna hii na bado akafeli hana wa kumlaumu.

Sasa hesabu. Chukua nyumba ya mita za mraba 100. Ikiwa mraba wa 10 kwa 10, kuta zake za mashariki na magharibi zina jumla ya mita 20. Inyooshe iwe 5 kwa 20, uilaze kutoka mashariki hadi magharibi: kuta zinazochomwa zinabaki mita 10. Igeuze hiyohiyo itazame upande wa pili: zinakuwa mita 40. Fundi ni yuleyule, matofali ni yaleyale, saruji haikuongezeka hata mfuko mmoja, ila moto umezidi mara nne.

3. Uainishaji

3.1 Ngeli ya Barabara. Ndiyo yenye wanachama wengi kuliko zote. Sifa yake bainifu ni kutazama barabara, hata barabara yenyewe ikitazama jehanamu. Hoja ya mwenye nyumba ni kwamba mgeni lazima aione sebule akiwa bado kwenye bajaji. Pale ambapo barabara inakwenda kaskazini–kusini, ramani moja huzaa nyumba mbili zisizofanana tabia. Ya upande wa magharibi ina baraza yenye kivuli tangu mchana. Ya upande wa mashariki, sebule yake inatazama machweo, na ikifika saa tisa alasiri familia nzima imevuka barabara kwenda kumsalimia jirani. Tumesikia wakisifiwa kwa ujirani mwema.

Ukuta wa magharibi wa matofali ya inchi sita una ufundi wa ziada. Hunywa joto alasiri yote, kisha hulirudisha chumbani taratibu saa ambazo mtu amepanda kitandani.

3.2 Ngeli ya Korido. Hii ni nyumba ya Kiswahili: vyumba sita, vitatu vikitazamana na vitatu, korido katikati, baraza mbele, ua nyuma. Milango ya mbele na ya uani ikiwa wazi, upepo hupita koridoni vizuri kabisa. Tatizo ni vyumba vyenyewe, kwani kila kimoja kina dirisha upande mmoja tu, na upepo hauingii mahali usipoweza kutokea. Kinachoamua ni mlango wa chumba. Ukiachwa wazi na pazia lake, hewa hupata njia kutoka dirishani hadi koridoni. Mtafiti apite asubuhi na kutazama mapazia: lililovimba kuelekea koridoni lina dirisha linalopokea upepo, lililoning'inia limenyooka lina mpangaji anayelala barazani.

3.3 Ngeli ya Paa la Kuficha. Ngeli changa inayozaliana kwa kasi kutoka Goba hadi Kigamboni. Kuta hupandishwa juu kuficha bati, kwa kuwa bati limeonekana kuwa aibu ya familia. Pamoja na bati, upenu nao umeondoka. Kuta zinapokea jua na mvua bila kofia, na baada ya masika chini ya kila dirisha huonekana michirizi myeusi. Madirisha ni ya aluminiamu ya kuteleza, ambayo kwa maumbile yake hufunguka nusu tu. Nusu ya pili ya dirisha mwenye nyumba ameilipia ili autazame upepo. Ngeli hii haiwezi kuishi porini. Ikiishiwa umeme wa LUKU, hufa ndani ya saa chache.

3.4 Ngeli ya Kioo. Makazi yake ni mjini kati na kando ya barabara kuu. Huvaa kioo pande zote nne sawasawa, kana kwamba jua nalo hutoka pande zote nne. Upande wa magharibi wafanyakazi hubandika maboksi dirishani. Upande wa pili wenzao wamevaa masweta, maana kiyoyozi ni kimoja na kinahudumia mabara mawili. Baadhi ya wanachama hutafuta cheti cha jengo la kijani. Cheti cha EDGE cha shirika la IFC, kwa mfano, hudai jengo lipunguze walau asilimia 20 katika nishati, maji na mzigo wa kimazingira wa kutengeneza vifaa vyake. Lengo hilo linafikika, lakini aliyekosea mwelekeo huanza mbio akiwa nyuma ya mstari, na hununua kwa kioo maalumu kile ambacho kamba ingempa bure.

3.5 Ngeli ya Darasa. Hapa utafiti umepata mshangao wake. Jengo la shule ya msingi ya kijijini, refu, chumba kimoja kwa upana, madirisha pande zote mbili, lina umbo ambalo wataalamu wa nchi za joto na unyevu wangelichora wenyewe. Likilazwa mashariki–magharibi halidai chochote zaidi ya upenu na dari. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi huliona kama jengo la kimaskini, kisha anarudi kwenye nyumba yake ya 3.3 na kuulizia bei ya kiyoyozi.

3.6 Ngeli ya Boriti. Hawa ni wazee wa Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja. Dari zao zilibebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haikuzidi sana mita tatu, chumba hakikuweza kunenepa. Vichochoro vyembamba vikafanya nyumba zikingane jua zenyewe kwa zenyewe. Beit al-Ajaib, kasri la Sultan Barghash la mwaka 1883, halikutegemea kivuli cha jirani, bali lilijizungushia roshani pana. Hilo ni somo kwa mwenye kiwanja kibishi: usipoweza kuchagua upande, ukuta uvae varanda.

4. Mipaka ya nadharia

Wasomaji wa Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, wasiichukue sarufi hii kama ilivyo. Kwao, kwenye baridi, kuta chache ni faida, kwa hiyo nyumba ya mraba ina hoja, na jua la asubuhi chumbani ni mgeni anayekaribishwa. Vilevile, nyumba isiyo ya ghorofa hupokea joto lake kubwa kupitia bati, na bati halijali nyumba imeelekea wapi. Mwelekeo bila dari, na bila matundu ya kutolea hewa moto juu ya dari, ni nusu ya dawa.

5. Mapendekezo

Kwanza, asiye na dira aende msikiti wa jirani. Makka iko karibu kaskazini kamili ya Dar es Salaam, hivyo kibla ni kipimo cha uhakika kuliko kidole cha fundi.

Pili, stoo, choo na ngazi vipelekwe magharibi vikale jua kwa niaba ya vyumba vya kulala.

Tatu, madalali wabadili lugha ya matangazo yao. "Master, maji ndani, parking" iongezewe upande wa dirisha la chumbani. Dalali atakayejibu, "Bosi, hapa upepo upo wa kutosha," aombwe kuonesha unaingilia wapi na unatokea wapi. Akionesha tundu moja tu, kodi ishuke.