Tondozi ya Karatasi ya Gesi

Katika fasihi yetu kuna utungo uitwao tondozi, na kazi yake ni kusifu tu: mnyama, mti, chombo, hata jembe. Ng'ombe wameimbiwa, minazi imeimbiwa, majahazi yamesifiwa hadi yakaoza ufukweni. Fomu hakuna aliyeihurumia. Basi nimejitwika mwenyewe, mzaliwa wa Tanga na mkazi wa Leicester, kumsifu bibi mmoja wa karatasi ambaye kwa miaka mingi amenitoa kazini mapema, amenihamishia masufuria, na kunishindisha dirishani nikimvizia fundi aliyesema atafika "kati ya saa mbili asubuhi na saa saba mchana". Namsema bibi cheti cha ukaguzi wa gesi ya nyumbani.

Jina lake la serikali ni refu na hakuna alitumiaye. Mafundi, madalali na wenye nyumba wa Uingereza humwita CP12. Ile C ni ya CORGI, chombo kilichokuwa kikiwasajili mafundi wa gesi, jina moja na wale mbwa wa miguu mifupi waliokuwa wakimfuata Malkia Elizabeth. CORGI ilivuliwa kazi hiyo tarehe 1 Aprili 2009, ikaingia Gas Safe Register, lakini jina la marehemu halikuzikwa. Ni yaleyale ya kwetu, ambako dawa yoyote ya meno ni Kolgeti. Karatasi inayobeba jina la marehemu miaka yote hii bila hata kumsomea hitma si karatasi ya kudharauliwa.

Mtazame uso. Wapo washairi wanaohitaji beti mia kutuambia kwamba mambo si mabaya sana. Yeye anahitaji vijumba kumi na kitu: kifaa kiko chumba gani, ni cha aina gani, shinikizo la gesi ni kiasi gani, bomba la kutolea moshi lina hali gani, hewa ya kutosha inaingia au haiingii, vifaa vya kukata gesi moto ukikosea vinafanya kazi au vimelala. Majibu ni ndiyo, hapana, au haihusu. Chini yake kuna nafasi ya kasoro, nayo ina madaraja mawili makuu: kitu ambacho ni hatari sasa hivi, na kitu kinachoweza kuwa hatari. Nimesoma riwaya za kurasa mia nne zisizoweza kutenganisha msiba na wasiwasi kwa usafi wa namna hiyo.

Tena hana ahadi za uongo. Haapi kuhusu kesho. Anasema tu kwamba siku hii, wakati fundi yuko hapa, moto ulikuwa wa buluu. Ukigeuka wa njano jioni ileile, na kaboni monoksidi ikaanza kutembea nyumbani bila rangi, bila harufu, bila ladha, hiyo ni habari ya karatasi nyingine. Ningependa kuona wanasiasa wakisaini hotuba zao kwa sharti hilo.

Ukoo wake, lakini, haukuanza kwa mzaha. Alfajiri ya tarehe 16 Mei 1968, mashariki ya London, mwanamke mmoja katika ghorofa ya 18 ya jengo la Ronan Point aliwasha kiberiti apike chai. Gesi ilikuwa imevuja usiku. Mlipuko ukazisukuma nje kuta za saruji, na pembe nzima ya jengo hilo la ghorofa 22 ikaporomoka, sakafu juu ya sakafu, kama karata. Watu wanne walikufa na 17 wakajeruhiwa. Mpika chai akapona. Jengo lilikuwa limefunguliwa miezi miwili tu kabla. Wachunguzi walipofukua wakafika kwenye nati moja ya shaba nyeupe iliyounganisha jiko na bomba, nati isiyofikia kiwango. Kosa la namna kuta zilivyoungwa lilikuwa kubwa zaidi, na wahandisi duniani kote bado wanalifundisha. Miaka miwili baadaye, 1970, CORGI ikazaliwa. Kwa hiyo ninapomcheka bibi huyu nacheka nikijua bibi yake mzaa mama ni nani.

Nilipofika nchi hii nilikuwa mpangaji, na hapo ndipo nilipopendwa. Kanuni za usalama wa gesi za mwaka 1998 zinamtaka mwenye nyumba ya kupangisha alete fundi aliyesajiliwa kila baada ya miezi 12, akague vifaa vyote vya gesi alivyoviweka yeye, na nakala ya karatasi imfikie mpangaji ndani ya siku 28. Mpangaji mpya aipate kabla hajaingia. Mwenye nyumba aitunze hadi ukaguzi mwingine ufanyike mara mbili. Fikiria basi: mimi, kijana wa begi moja, silipi kodi ya jengo, sijui hata mita ya maji iko wapi, halafu tajiri wa nyumba tatu ananipigia simu kwa sauti ya upole akiniuliza ni siku gani itanifaa. Kwa maisha yangu yote Dar es Salaam mwenye nyumba alikuwa akinipigia kwa jambo moja, na halikuwa usalama wangu.

Na bibi alikuwa na meno. Kwa miaka kadhaa kuanzia 2015, mwenye nyumba wa England aliyepuuza kumkabidhi mpangaji karatasi hii alijikuta hawezi kutumia ile notisi ya kumtoa mtu bila kueleza sababu. Kesi zikafika hadi Mahakama ya Rufaa, majaji wakakaa mwaka 2020 kujadili kama karatasi iliyochelewa bado ni karatasi. Wakasema ndiyo, inaokoa. Kipande kilichokuwa kimelala kwenye droo kikaamua nani alale nje. (Upande wa pili wa haki hiyo ni kwamba jiko ambalo mpangaji kajinunulia mwenyewe halimhusu mwenye nyumba. Bibi anakagua vya tajiri. Cha maskini atakijua maskini mwenyewe.)

Kisha nikakosea. Nikanunua nyumba.

Miezi kumi na miwili ikapita, nikasubiri. Hakuna simu ya upole. Nikauliza kwa fundi, nikauliza kwa jirani, nikasoma, nikapata jibu lililonikalisha chini: anayeishi kwenye nyumba yake mwenyewe hadaiwi cheti cha kila mwaka. Boila ni ileile, bomba ni lilelile, pua ni ileile, lakini mimi nimekuwa mmiliki, na mmiliki ana uhuru wa kupewa sumu na mali yake. Wangekuwa ni wageni wanaolipa, serikali ingewalinda. Watoto wangu hawalipi, basi. Ningewaandikia mkataba wa pango kama mkubwa hangekuwa na deni tayari.

Hapo ndipo nilipomwelewa bibi. Nilidhani ni mzigo wa mpangaji, kumbe alikuwa cheo chake. Mwenye nyumba ndiye yatima. Wazungu wa mtaani kwetu hulitangaza hilo kwa fahari: "Nyumba ni yangu, sihitaji." Ni sauti ya kinyozi mwenye nywele hadi mabegani. Mmoja wao aliniambia boila yake haijaguswa tangu aoe, na wajukuu walikuwa wakicheza nyuma yake.

Lakini hata yatima ana ndugu. Boila yetu ilipokufa, Januari, kama zinavyokufa zote, fundi alileta mpya, akaiunga, akaniambia yeye ana siku 30 za kuitaarifu ofisi, kisha posta itaniletea cheti. Huyu si bibi mwenyewe, ni mdogo wake: cheti cha kanuni za ujenzi, ambacho England na Wales hutolewa kifaa kipya cha gesi cha kupasha joto kinapofungwa. Hakitolewi kwa ukaguzi wa kila mwaka. Hutolewa mara moja, kama cheti cha kuzaliwa, na kama cheti cha kuzaliwa hupotea mara unapokihitaji. Utakihitaji siku ya kuuza. Wakili wa mnunuzi, ambaye hajapata kuona paa lako wala bustani yako, atauliza boila ilifungwa mwaka gani na cheti kiko wapi, na mauzo yatasimama palepale, gari la kuhamia likiwa limekodiwa.

Ukikikosa kuna dawa, na dawa yenyewe ndiyo inayonifanya nimsifu bibi kwa moyo zaidi: unanunua bima. Bima ya kukosa karatasi. Nilimuuliza wakili kama boila ikilipuka bima hiyo italipa. Akacheka kwa adabu. Inalipa iwapo halmashauri itakufuatilia kwa kukosa karatasi. Yaani wamepima hatari mbili, moto na halmashauri, wakaona ipi inastahili kukatiwa bima.

Na yule anayetaka kufunga boila yake mwenyewe Jumamosi, kwa spana ya shemeji? Anayefanya kazi ya gesi kwa malipo lazima awe amesajiliwa, hapo hakuna mjadala. Anayejifanyia bure nyumbani kwake anatakiwa awe na ujuzi. Na ujuzi huo, kwa bahati mbaya, huwa unaulizwa baada ya kishindo.

Kwa hiyo kila Oktoba namwita bibi kwa hiari yangu na kulipa kwa mkono wangu. Fundi anapofika namwomba kitambulisho, kile chenye pembetatu ya njano, halafu nakigeuza. Watu wengi hutazama picha ya mbele wakaridhika, na siri iko nyuma: pale ndipo panaposema anaruhusiwa kugusa nini. Anaweza kuwa amefuzu jiko la kupikia na boila haimhusu. Wa kwanza nilipomgeuzia kadi alikasirika kidogo. Wa mwaka jana alisema tangu aanze kazi mimi ni wa tatu.

Mwaka jana huo mama yangu alikuwa ametutembelea. Mama ana mtungi wa kilo 15 jikoni kwake Tanga, na hajapata kuona cheti cha aina yoyote. Kijana wa bodaboda huleta mtungi, huufunga, mama humsogeza pembeni, huchukua kikombe cha sabuni ya unga, hukoroga povu na kulipaka shingoni mwa mtungi na kwenye maungio ya mpira. Povu likitulia, anapika. Likianza kuchemka mapovu, kijana anarudi na mtungi wake na maneno ya kumsindikiza. Serikali yetu inataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Sijui kama wamehesabu sabuni.

Siku yake ya kwanza jikoni kwangu nilimkuta ameinama, pua karibu na sakafu. Nikamwambia, "Mama, gesi ya huku haikai chini. Ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hii ya bomba ni nyepesi, inapanda." Akainuka taratibu, akanusa huku akitazama dari, akasema nchi ambayo hata gesi inakwenda juu haishangazi watu wake kuwa na maringo.

Fundi alipokuja, mama alivuta kiti. Alimtazama akifunga koki kwenye mita, akiunga mpira wake mwembamba, akikodolea macho kipimo kwa dakika mbili bila kusema kitu. Namba hazikushuka. Alitazama akichomeka mdomo wa mashine kwenye moshi wa boila, akisoma tarakimu. Mama hakuonekana kuvutiwa. Kisha fundi akakaza upya ile skrubu aliyokuwa ameilegeza kwenye mita, akaingiza mkono mfukoni mwa begi, akatoa chupa ndogo ya kupulizia, akaipulizia skrubu.

Povu.

"Si nilikuambia?" mama alisema, ingawa hakuwa ameniambia lolote. Akasogea hadi kwenye mita, akainama pamoja na yule Mwingereza, wakalitazama povu wote wawili, vichwa vikikaribia kugongana. Likatulia. Mama akatikisa kichwa kukubali, fundi naye akatikisa, kama wazee wawili wamemaliza shauri la mpaka wa shamba.

Nilikwenda juu kutafuta pauni zake 80. Niliposhuka alikuwa ameshaondoka kuwahi nyumba nyingine, akaacha neno kwamba nimtumie kwa simu. Karatasi ilikuwa mezani. Boila: sawa. Jiko: sawa. Bomba la moshi: sawa. Kasoro: hakuna. Povu halikuandikwa popote, kwa sababu bibi, pamoja na vijumba vyake vyote, hana kijumba cha povu. Na chini kabisa, kwenye nafasi ya mpokeaji, palikuwa na jina la mama yangu kwa herufi kubwa za bluu, zile alizofundishwa kwenye darasa la elimu ya watu wazima miaka ya sabini, zimevuka mstari na kuingia kwenye namba ya usajili ya fundi.

"Kaniuliza nani ashuhudie," alisema. "Nani mwingine alikuwapo?"