Mashujaa wa Maji ya Magoti

Majira ya kuchipua yakifika Marekani, maji ya mabwawa yakapata joto la nyuzi 20 hivi, samaki aitwaye blugili huanza mambo ya unyumba. Dume husogea kwenye kina kifupi, hufagia changarawe kwa mkia mpaka apate kishimo cha duara. Jike hutaga, kisha huyo, ameshajiondokea. Baba hubaki kulinda mayai, akimvamia kila apitaye.

Hapo ndipo wanaume wazima na ndevu zao hushuka magarini na fimbo laini, na mshipi wa kubeba kilo 1 au 2 tu. Ati wanataka pambano la haki! Haki ipi, bwana, kwa mlinzi asiyeweza kuikimbia nyumba yake? Kindoana kikidondoka mlangoni, lazima akishambulie. Fimbo inapinda, mvuvi anagumia kama anavuta papa, kisha anaibuka na samaki wa kujaa kiganja. Kwenye picha humsogeza mbele karibu na kamera, ili anenepe.

Rekodi ya dunia yenyewe, ya Alabama mwaka 1950, haifiki kilo 2 na robo.

Madume wakubwa wakimalizwa, wadogo hukosa wa kuwatisha: huzaa mapema, hudumaa, na bwawa hujaa vijisamaki. Mabingwa wetu nao hulalama, majitu yale yameenda wapi? Wafungue majokofu yao, watayakuta.